Bi mkubwa ana nyonga ya chuma kwa chuma tangu 2008, sasa kinena kinamuuma na wakili kapiga simu. Nianzie wapi?

Kitindamimba:

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana nimechanganyikiwa kidogo.

Bi mkubwa wangu ana miaka 71. Alibadilishwa nyonga ya kulia mwaka 2008 akiwa kwa kaka yangu Marekani, na miaka ile ya mwanzo alikuwa fresh kabisa, fimbo aliitupa mpaka tukasahau kama aliwahi kuumwa. Sasa kama mwaka na nusu hivi analalamika kinena. Sio nyonga yenyewe, ni kinena, hasa akiinuka kwenye kiti au akiingiza mguu kwenye gari. Halafu kuna mlio. Mwanzo nilidhani ni kiti kinalia, siku moja nikamwambia mama hebu tembea, nikaweka kiganja juu ya paja lake, aisee nikausikia mkononi, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Yeye mwenyewe anacheka anasema ndo uzee unapiga hodi.

Kapelekwa hospitali, kapigwa eksirei, dokta kasema chuma kimekaa sawa hakijalegea, kaandikiwa dawa za maumivu, karudi nyumbani.

Kilichoniamsha ni hiki. Wiki iliyopita kaka alikuwa anapekua makaratasi ya zamani akakuta barua ya hospitali ya mwaka 2011 inasema kiungo alichowekewa mama kampuni imekiondoa sokoni na aende akapimwe damu na akaonwe na mpasuaji. Bahasha ilishafunguliwa kitambo. Mama anasema kweli shemeji alimsomea, ila wakati huo alikuwa hasikii maumivu popote akaona ya nini kujitafutia ugonjwa. Nusu nilie nusu nicheke.

Sasa juzi mtu kampigia kaka simu, anasema anatoka ofisi ya mawakili, kuna mabilioni ya fidia ya nyonga za chuma yamekaa yanasubiri watu, tutume tu majina na tusaini fomu kwenye simu. Sijui namba ya kaka kaitoa wapi. Jina la kampuni iliyotengeneza tunalo ila hapa sitalitaja.

Ninachoomba kujua: hiyo sumu ya chuma ni kweli au ni maneno ya mawakili? Kama eksirei iko safi kuna kipimo gani kingine? Na hiyo fidia bado ipo au treni imeshaondoka? Na swali la mwisho nauliza kwa woga kidogo, mama siku hizi anaongeza sauti ya TV mpaka majirani wanasikia, na anasema mdomoni anasikia ladha kama amelamba sarafu. Inaweza kuwa inahusiana au namtafutia tu?

SistaThieta:

Pole mdogo wangu, na mama mpe pole. Mimi ni nesi wa thieta (chumba cha upasuaji) upande wa mifupa miaka mingi, sio daktari kwa hiyo nichukulie kwa kiwango hicho.

Kwanza tuelewane kwenye jina maana hapa ndo watu wanapotishana bure. Karibu kila nyonga bandia ina chuma ndani yake. Kuna shina linaingia kwenye mfupa wa paja, juu yake kuna kichwa cha duara, na kichwa kinazunguka ndani ya kikombe kilichopigwa kwenye nyonga. Swali la msingi ni kichwa kinasugua nini. Watu wengi kinasugua plastiki ngumu, wengine ni kauri. Wale wa chuma kwa chuma ndo hawa tunaowazungumzia, kichwa cha kobalti na kromiamu kinasugua kikombe cha kobalti na kromiamu. Wazo halikuwa la kijinga, plastiki ya zamani ilikuwa inalika, wakasema chuma hakitalika, tena unaweza kuweka kichwa kikubwa kisichochomoka. Likapendwa sana kwa watu wenye umri mdogo na wanaopenda mazoezi.

Shida ni kwamba chuma nacho kinalika, ila chembe zake ni ndogo mno, huzioni. Kikombe kikikaa wima kuliko inavyotakiwa, au kama kilivyochongwa ni kifupi hakimfuniki kichwa vizuri, kichwa kinasaga kwenye ukingo badala ya kuelea kwenye majimaji. Hapo unapata vumbi la chuma kwenye kiungo, na mwili wa baadhi ya watu unalipiga vita hilo vumbi mpaka unaua nyama ya jirani. Msuli unakufa, maji yanajaa, kunatokea uvimbe. Sio kansa, lakini unakula. Wanawake wameumia zaidi kwa sababu nyonga zao ni ndogo na wanawekewa saizi ndogo.

Sasa eksirei. Eksirei inaonyesha mfupa na chuma. Nyama iliyokufa na mfuko wa maji haionyeshi. Mimi nimeshaona mtu eksirei yake ungeweza kuitundika ukutani kwa uzuri, tukifungua ndani ni tope. Kwa hiyo "chuma kimekaa sawa" sio jibu la swali la mama yako.

Anachotakiwa kupimwa ni kobalti na kromiamu kwenye damu, na MRI, yaani picha ya sumaku inayoonyesha nyama. Msiogope kuambiwa mwenye chuma haingii MRI, anaingia, ila lazima mpige picha ajue ni nyonga ya chuma ili atumie mpangilio unaopunguza kivuli cha chuma, la sivyo utapata picha yenye shimo jeusi pale pale mnapotaka kuona. Pasipo na MRI ya namna hiyo ultrasaundi ya mtu anayejua inasaidia.

Na kwenye damu kuna ujanja mmoja watu hawauambiwi. Sindano yenyewe ni chuma. Tyubu ya kwanza isitumike kwa kipimo hiki, itumike kwa vitu vingine, na tyubu yenyewe iwe ile maalum ya madini. Nimeona majibu ya kutisha yakarudiwa vizuri yakashuka. Muulizwe pia mama kama figo ziko sawa maana kobalti inatoka kwa mkojo, figo zikichoka inajikusanya, na kama anakunywa vidonge vya B12 aseme maana B12 ina kobalti ndani yake.

Uingereza mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba imeweka mstari kwenye mikrogramu 7 kwa lita. Ukivuka hapo haina maana unakufa kesho, ina maana uangaliwe kwa ukaribu na upigwe picha. Na ukiwa chini ya hapo huku unaumwa usibweteke pia.

Masikio na ladha ya chuma naacha kwanza, damu ndo itasema. Ila umefanya vizuri kuuliza. Kobalti ikipanda sana inagusa masikio, macho, mishipa ya fahamu, tezi ya shingoni na moyo. Mwambie dokta hayo yote kwa pamoja, usimwambie kinena tu, maana mtu wa masikio atamtibu masikio na mtu wa moyo atamtibu moyo na hakuna atakayeuliza una chuma gani mwilini.

Tulia_Kwanza:

Jamani msimtishe dada wa watu. Mimi nina nyonga ya chuma kwa chuma mwaka wa 14 huu, ile ya kufunika kichwa cha mfupa bila kukikata, napanda ngazi, naendesha baiskeli, damu napima kila mwaka kobalti haijawahi kufika 2. Sio kila chuma ni kibovu. Kuna aina ambazo kwa wanaume wenye mifupa mikubwa zimefanya kazi vizuri tu. Mama wa miaka 71 kuumwa kinena inaweza kuwa mgongo, inaweza kuwa ngiri, inaweza kuwa msuli. Mawakili wakisikia chuma wanasikia pesa.

SistaThieta:

@Tulia_Kwanza nakubali nusu. Wanaume wenye saizi kubwa kweli wengi wako salama, na hata hiyo aina yako nadhani ni ile inayoitwa Birmingham, wenyewe watengenezaji mwaka 2015 waliacha kuiuza kwa wanawake na kwa saizi ndogo, kwa hiyo unaona tofauti iko wapi. Lakini angalia wewe mwenyewe ulichoandika, unapima kila mwaka. Mama yake hajapimwa hata mara moja tangu 2008.

Mguu_Mmoja_Mrefu:

Nimesoma nikasema leo ngoja niandike maana huwa napita tu humu. Jina langu limetokana na hii hii nyonga, baada ya op (operesheni) ya pili mguu mmoja ulirefuka kidogo navaa soli ndani ya kiatu.

Mimi yangu ilikuwa chuma kwa chuma kichwa kikubwa, niliwekwa nikiwa na miaka 49, miaka minne ya kwanza raha mustarehe. Mwaka wa tano kinena hicho hicho unachosema dada, ukiinuka unasubiri sekunde mbili tatu ndo mguu unakubali. Nikaambiwa ni mgongo, nikachomwa sindano ya mgongo, nikaambiwa ni msuli, nikafanya mazoezi miezi sita na ndo nilikuwa nazidi kusaga chuma kumbe. Mlio wangu haukuwa kama bawaba, wangu ulikuwa kama unakanyaga kokoto. Kilichonipeleka kwenye damu ni kwamba mikono ilianza kutetemeka na usiku silali, mke wangu ndo akasema wewe sio mtu niliyemuoa umekuwa mkali ovyo. Kobalti ikatoka 38.

Aliyenifungua ananiambia baadaye walipokata tu yakatoka maji ya kijivu, akasema kama maji uliyooshea beleshi la saruji. Msuli wa pembeni wa nyonga ule unaokufanya usitembee kama bata nusu ulikuwa umeshaondoka. Hii ndo sehemu nataka dada uisikie vizuri, ubovu wa kusubiri sio maumivu, maumivu utayazoea, ubovu ni kwamba kila mwezi unaosubiri msuli unaliwa na ukishaliwa hakuna wa kuurudisha. Nyonga mpya ya plastiki na kauri waliyoniwekea haina tatizo lolote lakini imeshachomoka mara mbili kwa sababu hakuna msuli wa kuishika. Kulala natenganisha miguu kwa mto mpaka leo.

Kobalti ilishuka haraka lakini, baada ya miezi michache ilikuwa chini ya 4, mikono ikatulia, usingizi ukarudi. Mke anasema hasira hazijarudi zote, nusu zilikuwa za kwangu toka zamani.

Sasa la pili na hili linaniuma mpaka kesho. Kile chuma walichokitoa. Niliwaambia kwa mdomo kabla ya op nakitaka, wakasema sawa, nikaamka naambiwa kimechukuliwa na mwakilishi wa watengenezaji kwenda kuchunguzwa. Mshitakiwa ndo kapewa ushahidi akauchunguze. Nikaandika barua, nikapiga simu, mara kiko maabara, mara hakuna kumbukumbu. Wakili wangu alikuwa mtu mzuri tu lakini akaniambia bila chuma na bila stika za faili la op tunabishana kwa maneno. Niliishia kupata kitu kidogo mno hata sikitaji. Hospitali na kampuni siwataji, nimeshachoka nao.

Kwa hiyo dada, kama mama atafunguliwa, andikeni KWA MAANDISHI kabla ya op kwamba chuma ni mali ya mgonjwa kisitupwe kisipewe mtu. Isainiwe na ninyi mbaki na kopi.

Kifungu_cha_Pili:

Naingia upande wa sheria. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili ila sio wakili wenu, na sheria inatofautiana nchi na nchi na jimbo na jimbo, kwa hiyo hii ni ramani tu.

Aliyepiga simu: usisaini, usitume namba za mama, usitume barua. Mwombe jina la wakili mwenye leseni kwenye jimbo alikofanyiwa op na namba ya leseni. Wengi wa hawa sio mawakili, ni wakusanya majina wanaouza orodha kwa ofisi. Akikata simu umeshapata jibu.

"Mabilioni yamekaa yanasubiri" sio kweli kwa namna anavyosema. Mabilioni yalikuwepo, ngoja nieleze maana hapa habari zimechanganyika sana. Nachotaja hapa ni mambo ya mahakamani yanayojulikana, sisemi ndo chuma cha mama yako.

Kubwa kuliko zote ni nyonga ya chuma kwa chuma inayoitwa ASR, ya DePuy, kampuni ambayo ni mtoto wa Johnson & Johnson. Ilitangazwa kuondolewa sokoni duniani Agosti 2010, watu kama 93,000 walikuwa wameshawekewa. Takwimu za rejista ya viungo bandia ya Uingereza wakati ule zilionyesha karibu mtu 1 kati ya 8 alikuwa amefunguliwa tena ndani ya miaka mitano. Australia rejista yao ilianza kuinyooshea kidole tangu 2007 na kule ikatolewa mwishoni mwa 2009, yaani miezi kabla ya dunia nyingine kuambiwa. Halafu kwenye kesi ya kwanza Los Angeles mwaka 2013 ikatoka hesabu ya ndani ya kampuni yenyewe ya 2011 kwamba karibu asilimia 40 zingefeli ndani ya miaka mitano. Wazee wa baraza wakampa mgonjwa dola milioni 8.3. Mwezi uliofuata, Chicago, chuma hicho hicho, mgonjwa mwingine, akakosa kila kitu. Huo ndo ubao wa kamari unaoitwa kesi.

Novemba 2013 wakakubaliana kulipa kama dola bilioni 2.5 kwa watu kama 8,000 wa Marekani, msingi dola 250,000 kwa mtu kabla ya kukatwa na kuongezwa. Sasa soma hapa polepole: makubaliano yale yalikuwa ya watu WALIOKWISHA kufunguliwa na kutolewa chuma kabla ya tarehe 31 Agosti 2013. Mwenye chuma ndani ya mwili anayeumwa tu hakuwemo. Baadaye dirisha liliongezwa kwa waliofunguliwa nyuma ya hapo, lakini msingi ulikuwa ule ule, bila op hakuna hundi. Stryker, kampuni nyingine, nao 2014 walikubali zaidi ya dola bilioni 1 kwa nyonga zao za Rejuvenate na ABG II, na zile wala hazikuwa chuma kwa chuma kwenye kikombe, kutu ilikuwa kwenye shingo inapoungana na shina. Kwa hiyo hata mwenye kikombe cha plastiki asijihesabu yuko nje moja kwa moja.

Kitu ambacho watu hawakijui na ndo kinaamua kama una kesi au huna kule Marekani: kifaa kiliingiaje sokoni. Kuna njia mbili. Njia fupi, kampuni inasema kifaa changu kinafanana na kingine kilichopo sokoni, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inapitisha bila majaribio makubwa kwa wagonjwa. Na njia ndefu yenye uchunguzi kamili. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2008 ilisema aliyepita njia ndefu analindwa dhidi ya madai mengi ya sheria za majimbo. Aliyepita njia fupi hana kinga hiyo. Nyonga nyingi za chuma kwa chuma zilipita njia fupi, ndo maana zikashtakika. Ile ya Birmingham aliyoitaja Sista ilipita njia ndefu 2006, kwa hiyo mgonjwa wake ana mlima mkali zaidi hata kama ameumia sawasawa na mwenzake. Mwaka 2016 FDA wakafunga mlango, nyonga kamili ya chuma kwa chuma lazima ipite njia ndefu.

Na Uingereza msidhani ni rahisi. Mwaka 2018 wagonjwa zaidi ya 300 wa Pinnacle, nyonga nyingine ya DePuy, walishindwa Mahakama Kuu, jaji akasema hawajathibitisha kwamba ilikuwa mbovu kwa kipimo cha sheria, pamoja na kwamba watu waliumia kweli. Pinnacle hiyo hiyo Texas wazee wa baraza walitoa hukumu za mamia ya milioni za dola. Chuma kimoja, bahari katikati, majibu mawili.

Sasa muda, na hapa dada sitakuficha, barua ya 2011 inanisumbua. Majimbo mengi ya Marekani yanatoa miaka 2 au 3, machache mwaka 1, na saa inaanza pale ulipojua au ULIPOPASWA kujua kwamba umeumizwa na chanzo ni nini. Upande wa pili atashika bahasha iliyofunguliwa atasema mama alijua 2011. Upande wenu utasema 2011 hakuwa ameumia chochote, huwezi kudai jeraha ambalo halijatokea, maumivu yameanza mwaka na nusu uliopita. Hoja zote mbili ni za kweli. Na kuna majimbo yenye ukomo wa mwisho unaohesabiwa tangu kifaa kuuzwa au kuwekwa bila kujali ulijua lini. Uingereza kwa mfano ukomo huo ni miaka 10 kwa sheria ya bidhaa mbovu. Kwa hiyo sikuambii ipo sikuambii haipo, nakuambia wiki hii, sio mwezi ujao, kaka aongee na wakili halisi wa jimbo lile. Mazungumzo ya kwanza mara nyingi ni bure na malipo ni ukishinda, theluthi mpaka asilimia 40. Soma gharama zinakatwa kabla au baada ya hiyo asilimia, hapo kuna tofauti kubwa kuliko unavyodhani.

Barua usiifiche wala usiitupe. Najua wazo litakuja.

Kitindamimba:

Wazo lilikuja kweli, kaka ndo alilileta. Nimemwambia aache.

Asanteni sana, yaani nimesoma mara tatu. Mguu Mmoja pole sana kaka yangu, ile ya msuli kuliwa imenikosesha usingizi. Tulia Kwanza sijachukia, na mimi natamani iwe ngiri.

Swali dogo kwa Sista, hivyo viwango vya sumu mwilini, inafika lini mpaka moyo? Nimeona huko mitandaoni mtu moyo umefeli kabisa.

SistaThieta:

Inatokea ila ni wachache, na kwenye wengi walioandikwa kobalti ilikuwa juu ya 100, wengine mamia. Kuna mmoja Ujerumani, madaktari wa Marburg walimwandika 2014, moyo umechoka, masikio yamekufa, macho yanaondoka, na hakuwa hata na chuma kwa chuma. Alikuwa na kauri ikapasuka, wakamwekea kichwa cha chuma na kikombe cha plastiki, vipande vya kauri vilivyobaki ndani vikawa msasa vinasaga kichwa cha chuma. Ndo maana nasema faili la op ni muhimu kuliko maelezo ya mdomo.

Kobalti na moyo wala sio habari mpya. Miaka ya 1960 kule Quebec kiwanda cha bia kilikuwa kinatia kobalti ili povu likae, wanywaji wakubwa wakaanza kuingia wodini na mioyo iliyovimba. Wameacha kutia, ugonjwa ukakoma.

Mama yako anatembea, anacheka, anagombana na TV. Usimzike. Ila dokta akubali kumpima moyo na tezi siku hiyo hiyo ya damu, inaondoa wasiwasi.

Na faili. Kila boksi la kiungo linalofunguliwa thieta lina stika za kubandua, tunazibandika kwenye karatasi ya op, moja ya shina, moja ya kichwa, moja ya kikombe. Zina namba ya bidhaa, namba ya toleo na saizi. Kaka aombe hospitali ile "ripoti ya upasuaji na stika za viungo" kwa maneno hayo hayo. Akisema tu faili la mama ataletewa muhtasari wa kurasa mbili usio na kitu. Na aombe upesi, hospitali hazitunzi mafaili milele.

Kitindamimba:

Narudi na mrejesho, wiki tano zimepita samahanini.

Faili limepatikana. Stika tatu, moja imechanika pembeni lakini namba inasomeka. Kichwa kina milimita 46. Ni chuma kwa chuma, na ni ile ile ya kwenye barua.

Damu imechukuliwa kama Sista alivyosema. Aliyechoma alinishangaa nilipotaja habari ya tyubu ya kwanza, akaenda kuuliza, akarudi akasema ni kweli. Kobalti 19, kromiamu 11. MRI imeonyesha mfuko wa maji mbele ya nyonga, mpasuaji akauchora kwenye karatasi ukubwa kama yai, msuli wa pembeni bado uko. Alilirudia hilo mara mbili, msuli bado uko. Moyo safi, tezi safi. Masikio anasema yamepungua ya kawaida ya umri, hawezi kuapa ni kobalti. Anapangiwa op.

Yule wa simu kaka alimuuliza leseni ya jimbo gani, akasema atatupigia. Hajapiga. Tumepata wakili mwanamke, kasoma barua kimya muda mrefu kisha akasema ana hoja ila hatuahidi, na ameshafungua kesi kabla muda haujazidi kwenda. Kwenye mkataba gharama zinakatwa kwanza ndo asilimia ihesabiwe kwenye kinachobaki, tuliuliza kwa sababu yako Kifungu.

Karatasi ya chuma ni mali ya mgonjwa imesainiwa, kopi ninazo tatu. Bi mkubwa kasikia akasema sawa, akipewa atakipiga brashi vizuri king'ae akiweke kabatini kwenye kioo pale na vikombe vya wageni.

Mguu_Mmoja_Mrefu:

Dada MZUIE na hiyo brashi

Kifungu_cha_Pili:

Asikiguse kabisa. Mikwaruzo ndo ushahidi. Hospitali wakisafishe kwa utaratibu wao, kiingie kwenye chombo kilichofungwa chenye jina na tarehe, kipelekwe kwa wakili moja kwa moja, na kila anayekipokea asaini.

Kitindamimba:

Nimemwambia. Kanuna. Anauliza sasa kabatini ataweka nini.